Hii damu iko kwenye ukoo wetu, na kaka anataka kumtahiri mwanawe

Assalam alaykum dada mshauri na wasomaji wote. Naandika kutoka Wete, naomba mnistahamilie mana jambo lenyewe la kike na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Binti yangu ana miaka 15. Tangu avunje ungo, akiingia mwezini basi hakauki, wiki inapita damu bado inatoka tena mabonge mabonge. Skuli anakwenda na pedi mbili kazipachika moja juu ya nyengine na kipande cha kanga juu yake, na bado akirudi mkoba kaushusha chini kabisa nyuma ili ufinike sketi. Ramadhani alikuwa akilia hajui afunge au asifunge, ustadhi akatwambia kwa Kishafii mwisho wa hedhi ni siku 15, ikizidi hapo ni istihadha, anaoga anasali na anafunga. Alhamdulillah hilo tumelijua, lakini damu yenyewe nani ataizuia?

Juzi kaanguka skuli, kupimwa damu iko 7 na inatakiwa ifike 12. Daktari aliyetupokea, Mungu ambariki, hakuishia kwenye vidonge vya kuongeza damu, alikaa akauliza. Mtoto anatokwa na damu puani? Nikamwambia tangu mdogo. Mie nilipojifungua je? Niliongezwa damu. Mama yangu? Vilevile, na dada zake. Na wanaume wa kwenu? Hapo ndo nikamkumbuka kaka yangu, aling'oa jino akakesha anatema damu mpaka asubuhi.

Akanambia huenda ni maradhi ya von Willebrand, yani kwenye damu kuna protini inayosaidia damu igande, wengine wanazaliwa nayo kidogo au haifanyi kazi sawasawa. Yanarithiwa, na kwa aina iliyo nyingi hata mzazi mmoja tu akiwa nayo kila mtoto anaezaa ni nusu kwa nusu, awe mwanamke awe mwanamme, ila sisi wanawake ndo yanatudhihirikia zaidi kwa sababu ya hedhi na uzazi. Katupa tranekzamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, anywe siku zake, kakataza aspirini na diklofenaki mana zinazidisha kutoka damu, na kipimo cha uhakika twende Dar, Muhimbili.

Niliporudi nikasoma. Daktari Erik von Willebrand aliyaeleza mwaka 1926 kwa familia moja ya visiwa vya Åland huko Finland, na yule mtoto wa kike alieanza kumchunguza alikuja kufa kwa hedhi yake ya nne, ana miaka 13. Tangu hapo usingizi sina.

Sasa tatizo langu. Skuli zikifungwa kaka anamtahiri mwanawe, na kashazungumza na ngariba atakuja nyumbani. Mtoto huyo na yeye puani damu haimwishi. Nimemwambia mama, kanijia juu, anasema wanawake wa ukoo huu ndivyo tulivyoumbwa tangu bibi zetu, na nikitoa maneno nje hawa watoto wa kike nani atawaoa? Kaka mwenyewe ni mkubwa kwangu, neno hedhi sijawahi kulitamka mbele yake na sijui nitaanzia wapi. Na nauli ya sisi wawili kwenda Dar bado naichanga, majibu hayatowahi kutoka kabla ya hio tohara.

Dada, nimwendee kaka moja kwa moja nimwambie habari ya jino lake na pua ya mwanawe bila kumtaja binti yangu? Au nipitie kwa wifi, mana yeye ndo mama wa mtoto? Na kuna aliyewahi kutahiri mtoto mwenye maradhi haya spitali, walimtayarisha vipi? Nijibuni haraka tafadhali, likizo iko karibu.

Mama wa Wete