Kwa vijana wa kanisa Dar es Salaam: imani yenu ifike hadi kaunta

Vijana wangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Katika semina yenu ya hivi karibuni niliwasikia mkilalamika kwamba jiji hili limemsahau Mungu: matangazo ya kubeti kila kona, muziki wa baa unaokesha jirani na nyumba za ibada, ofisi ambamo anayetaja maombi huchekwa. Malalamiko hayo yana ukweli. Siku chache baadaye, hata hivyo, nilishuhudia jambo lililoninyima usingizi, na ndilo linalonifanya niwaandikie hadharani.

Nilikuwa Gerezani, Kariakoo, katika duka la vifaa vya ujenzi, nikisubiri mabati yangu yahesabiwe. Kijana wetu mmoja, ambaye simtaji, alikuwa akinunua saruji na rangi kwa niaba ya mwajiri wake. Walipokwisha kuelewana bei, aliinamia kaunta akamwomba muuzaji asitoe risiti ya mashine bali amwandikie ya mkono, tena yenye kiasi kikubwa kuliko alicholipa. Muuzaji, Mwislamu aliyekwisha kuvaa kanzu kwa ajili ya swala ya Ijumaa, alimjibu kwa upole kwamba hawezi kuandika uongo kisha akasimame mbele ya Mungu. Kijana wetu alikuwa amevaa fulana ya kwaya, yenye mstari wa Biblia mgongoni.

Nilipozungumza naye nje alisema, "Mzee, kazini wote wanafanya hivyo, na mshahara hautoshi." Kwamba mshahara hautoshi, najua. Lakini someni Danieli sura ya 6: maadui zake walianza kwa kukagua utendaji wake katika mambo ya ufalme, wakakosa kosa, ndipo wakageukia sala zake. Ninyi mnahofia kuchekwa kwa sababu ya sala, ilhali mkaguzi akianza na vocha zenu za malipo hatakuwa na haja ya kufika kwenye sala. Zakayo naye, Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakuahidi kuimba; aliahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya kwa hila.

Wala msiisingizie nchi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Kwa utaratibu huo tunaimba katika kanisa la Azania Front bila kuomba ruhusa ya mtu, kengele za kanisa la Mtakatifu Yosefu zinalia hatua chache kutoka hapo, na adhana inasikika Kariakoo. Serikali isiyo na dini haijamkataza Mkristo yeyote kuandika hesabu za kweli.

Kanisa nalo lina lawama yake, na nitaisema. Katika harambee zetu tunamwita mbele aliyetoa mamilioni na kumpigia vigelegele bila kuuliza fedha hizo zimetoka wapi, huku fundi aliyetoa elfu mbili za jasho lake akipita kimya. Vijana mnatutazama, na mnajifunza kutoka kwetu kwamba sadaka kubwa husafisha njia iliyoileta.

Mengine nitayataja tu. Acheni kubeti. Lipeni marejesho ya vikoba kwa wakati. Dada wa kazi alipwe mshahara wake kabla hujaandika ahadi ya jengo la kanisa. Jirani Mwislamu akifiwa, mwende msibani mapema, msisubiri kutumwa.

Wanangu, najua wapo miongoni mwenu wanaolazimishwa na wakubwa wao kughushi hati na kutia sahihi, na wanaogopa kupoteza kibarua katika jiji ambalo kodi ya nyumba hudaiwa kwa miezi mingi kwa mkupuo. Kataeni. Atakayefukuzwa kwa kukataa aje kwetu: waumini wetu wako Kimara hadi Mbagala, na hatakosa pa kulala wala cha kula wakati akitafuta kazi nyingine. Nimelisema hilo mbele ya wazee wenzangu wa usharika, nao wamekubali.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa Kanisa, Dar es Salaam