Kinyama Jichoni: Kukikata ni Nusu ya Kazi

Wengi wanaokuja kliniki kwetu hapa Mwanza wakiwa na kinyama jichoni huwa na swali moja tu: "Mnakitoa?" Ndiyo, tunakitoa. Ila kabla hujaanza kuchangisha hela, soma kidogo, maana tunawapokea pia waliokwisha kukatwa kwingine, kikarudi kinene kuliko cha kwanza, na sasa hawataki hata kusikia habari za upasuaji.

Kinyama hiki, ambacho madaktari hukiita pterijiamu, huota kwenye utando unaofunika weupe wa jicho, mara nyingi upande wa pua, kisha hutambaa taratibu kuingia kwenye kioo cha jicho, ile sehemu ya mbele inayong'aa. Kina umbo la pembetatu na vimishipa vya damu, na ncha yake huelekea kwenye mboni. Si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi iliyo ndani, na upasuaji wake ni mwingine kabisa. Mtu akikuuzia dawa moja ya kumaliza vyote viwili, rudisha hela mfukoni.

Chanzo kikubwa ni jua. Watu wa nchi za karibu na ikweta ndio wanaokipata zaidi, na Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta. Mama anayeanika dagaa ufukweni kutwa nzima anapigwa na miale ya juu, anapigwa tena na ile inayorudishwa na maji na mchanga. Dereva wa bodaboda anaongezewa vumbi na upepo. Na kwa nini upande wa pua? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwanga unaoingia kutoka pembeni mwa uso hupindwa na kioo cha jicho na kukusanyika upande wa pili, palepale kinapoanzia. Kwa hiyo kofia ni nzuri lakini haitoshi. Miwani nayo iwe inaziba pembeni. Tunauza miwani, kwa hiyo utasema tunajipigia debe. Sawa, lakini kanunue popote unapotaka, angalia tu kama imeandikwa UV400, yaani inazuia miale ya jua inayodhuru jicho. Weusi wa kioo peke yake si kinga.

Si kila kinyama kinahitaji kisu. Kikiwa kidogo na kimetulia, tunakipima kwa milimita kwenye darubini, tunaandika kwenye faili, unarudi baada ya miezi 6 tulinganishe. Matone ya kulainisha jicho yanatosha kupunguza ule mkereketo wa kama kuna mchanga ndani. Tunashauri upasuaji pale kinapoikaribia mboni, kinapovuta kioo cha jicho hadi kikapinda na maandishi yakaanza kuwa na vivuli, au jicho likiwa jekundu na linakereketa bila kupumzika. Wapo pia wanaotaka kitolewe kwa sababu ya sura tu. Hatuwacheki, ila tunawaeleza hatari ya kurudi kabla hawajaamua.

Hakuna tone linalokiyeyusha. Yale matone yenye dexamethasone ambayo watu hununua duka la dawa bila cheti huondoa wekundu haraka, ndiyo maana yanapendwa. Ukiyaendekeza miezi na miezi bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu. Uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi. Bora ukae na kinyama chako kuliko hilo.

Sasa upasuaji. Njia ya zamani ilikuwa kukata na kuacha kidonda wazi. Ni haraka na ni rahisi, lakini kidonda kilichoachwa wazi lazima kijifunike, na kinachokimbilia kukifunika mara nyingi ni kinyama kilekile. Katika tafiti za njia hiyo, waliorudiwa ni kuanzia karibu robo ya wagonjwa, na katika baadhi wanapita 80 kati ya 100. Mwaka 1985 daktari wa macho Kenneth Kenyon na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kufunika kidonda kwa kiraka cha utando wa jicho la mgonjwa mwenyewe: kati ya macho 57, kilirudi kwenye macho 3. Matokeo hutofautiana kulingana na mkono wa daktari na ukali wa jua la mahali, lakini hii ndiyo njia tunayoitumia, na ndiyo inayofanya bei yetu iwe juu kuliko ya anayekata tu.

Unalala chali, unawekewa matone ya ganzi, kisha sindano ndogo ya ganzi chini ya utando. Unakuwa macho, unasikia tunavyoongea. Daktari anabandua kinyama kutoka kwenye kioo cha jicho na kusafisha tishu iliyojificha chini yake. Hapo ndipo muda mwingi unapokwenda, na ndipo wenye haraka huharibu. Halafu unaambiwa utazame chini. Anapima ukubwa wa kidonda, anachora kipimo hicho kwa wino kwenye utando ulio chini ya kope la juu, na anachukua kiraka chembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Alama za wino zina kazi nyingine: kiraka kikijikunja, zinaonyesha upi ni upande wa juu, kwa sababu kikibandikwa kichwa chini hakishiki. Kisha kinashonwa kwa nyuzi nyembamba sana au kubandikwa kwa gundi ya tishu. Gundi inapunguza ule usumbufu wa kuchomwachomwa na nyuzi, ila inaongeza gharama. Yote huchukua kati ya nusu saa na saa moja, na unalala nyumbani kwako.

Kilichokatwa hakitupwi. Kinakwenda maabara, hata kama kinaonekana cha kawaida. Kanda yetu ya Afrika Mashariki ina saratani ya utando wa jicho inayofanana sana na kinyama, na mara nyingi huwapata watu wanaoishi na VVU. Inayokua ndani ya wiki chache, au yenye utando mweupe juu yake, tunaitilia shaka mapema, lakini nyingine haijulikani mpaka ionwe kwa hadubini. Wateja wengine hunung'unikia malipo ya maabara. Hapo hatupunguzi.

Siku 2 au 3 za kwanza jicho litauma na kutoa machozi, kwa sababu kioo kimekwanguliwa. Wekundu huchukua wiki kadhaa. Utatumia matone ya kuzuia maambukizi na ya kupunguza uvimbe kwa wiki 6 hivi, yakipunguzwa hatua kwa hatua, nasi tukipima presha ya jicho kila unaporudi. Usilisugue jicho, kiraka kinaweza kung'oka. Usiogelee ziwani kwa mwezi mzima. Wanaoacha dawa wiki ya pili kwa sababu "limeshapona" ndio tunaohangaika nao baadaye. Kikirudi, kwa kawaida hujionyesha ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo usiruke miadi ya miezi 6 baada ya upasuaji.

Siku ya upasuaji njoo na mtu wa kukurudisha, kwa kuwa jicho moja litakuwa limefungwa na hatutakuruhusu kuendesha pikipiki. Mwenye bima alete kadi siku ya kupimwa, tukague kama kifurushi chake kinagharimia. Na dawa zote ulizokuwa ukiweka jichoni, hata zile za mitishamba, zitie kwenye mfuko uje nazo.