Kukaa kabla ya kujenga: barua kwa wasanifu majengo vijana

Wanangu, assalaam aleykum.

Nimejenga na kukarabati nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, kwa zaidi ya miaka arobaini. Mnaniletea ramani zenu nizitazame, nami nashukuru. Naona vyumba, naona maegesho ya gari. Sioni mtu atakaa wapi.

Litazameni neno lenyewe. Kukaa kwetu ni kuketi, ni kuishi, ni kudumu mahali. Na maskani limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa utulivu. Agosti 1951, mjini Darmstadt, Ujerumani ikiwa bado na magofu ya vita na uhaba mkubwa wa nyumba, mwanafalsafa Martin Heidegger alizungumza kwenye mkutano wa wasanifu. Akafukua neno lao la kujenga, bauen, akaonyesha kuwa asili yake ni kukaa. Akasema shida haiishi kwa kuongeza majengo tu, binadamu hana budi kujifunza kukaa. Siasa zake sizitetei, maana alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Lakini hili alilisema sawa.

Mafundi wa pwani walilijua kwa mikono. Boriti ya mkoko haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Kule Lamu njia ya kuingilia inapinda, ili jicho la mpita njia lisifike uani. Na nje, ukutani, likawekwa baraza la mawe, kiti kirefu cha kukalia, ambalo ni la mwenye nyumba na ni la mtaa pia. Hapo muuza kahawa anatua dele lake, wazee wanacheza bao, mgeni anakaribishwa na stara ya ndani haiguswi. Ukilifuta baraza kwenye ramani, umeifanya nyumba isiamkiane na mtaa.

Ghorofa za Michenzani, hapa mjini Unguja, zilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Zilileta umeme na maji ya bomba, na mimi sizidharau hata kidogo. Ila watu walishuka wakajitengenezea mabaraza chini yake, wakayaita maskani. Nendeni mkakae pale jioni nzima, bila daftari, kabla hamjachora tena.

Nami nina deni langu. Niliwahi kumjengea mtu nyumba shamba, ukuta mrefu kuizunguka, baraza hakulitaka nami nikanyamaza. Baada ya miezi michache nikapita alasiri, nikamkuta mama yake nje ya geti, katandika mkeka mchangani, kaegemea ukuta nilioupiga lipu mwenyewe. Nikamwamkia. Akasema, "Ndani hakupiti mtu, mwanangu."

Wiki ile nilirudi na mawe na chokaa. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza nilimwomba aketi kwenye kigoda, nikapima kimo cha goti lake.