Uduvi wa Antaktika: kikomo kimoja hakitoshi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu uchumi wa buluu imeusifu uvuvi wa uduvi wa Antaktika, wale wanaoitwa krili, kuwa mfano wa kuigwa. Hoja yake kubwa ni hesabu: utafiti wa 2019 ulikadiria tani milioni 62.6 za uduvi katika bahari iliyo kusini mwa Atlantiki, ilhali kikomo cha mavuno ni tani 620,000 kwa mwaka, yaani kama asilimia 1. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni wapi wanakovuliwa.

Uduvi hujazana karibu na Rasi ya Antaktika na visiwa vya South Orkney, na meli huwafuata hukohuko. Baadhi ya meli za Norwei, nchi inayoongoza kwa uvuvi huu, hata hazina haja ya kupandisha wavu kila mara: wavu hubaki majini huku bomba likinyonya uduvi mfululizo hadi melini. Pengwini mwenye kinda hana nafasi ya kwenda mbali. Hutafuta chakula palepale na kurudi upesi, kwa hiyo mamilioni ya tani yaliyoko mbali hayamsaidii kitu. (Na uduvi wenyewe wengi huishia kuwa chakula cha samoni wa kufugwa, au mafuta ya vidonge vya madukani.)

Tume inayosimamia uvuvi huo, CCAMLR, iliyotokana na mkataba wa 1980, ililijua hilo. Kwa miaka mingi kikomo kiligawanywa kwa maeneo, na eneo la Rasi halikuruhusiwa kupita tani 155,000. Mwishoni mwa 2024 wajumbe walishindwa kukubaliana kuendeleza mgao huo, ukafa. Msimu uliofuata kikomo chote kikafikiwa kwa mara ya kwanza, na Agosti 2025 uvuvi ukafungwa kabla ya wakati. Mwandishi wenu anaona huo ni ushahidi kwamba sheria inafanya kazi. Mimi naona breki ya mwisho ndiyo pekee iliyobaki.

Kweli, tangu 2018 kampuni nyingi zimejizuia kwa hiari kuvua karibu na makazi ya pengwini wakati wa kuzaliana. Nazipongeza, ila hiari haina adhabu. Tena makinda ya uduvi hupitisha majira ya baridi chini ya barafu ya bahari wakila mwani, na mwaka 2023 barafu hiyo ilishuka hadi kiwango cha chini kabisa kuwahi kurekodiwa. Makadirio ya 2019 hayalijui hilo.

Tume hukutana Hobart, Australia, kila Oktoba na huamua kwa kauli moja. Mjumbe mmoja akikataa, jambo limekwama. Afrika Kusini na Namibia ni wajumbe. Mtakapoirudia mada hii, waulizeni maofisa wa uvuvi wa nchi hizo kama wako tayari kudai mgao wa maeneo urudishwe kabla meli hazijaruhusiwa kuanza msimu mwingine.

Msomaji wenu,
Tanga