Jenereta ya trekta: nunueni swichi kabla ya dainamo

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wakulima wanaouliza kama trekta inaweza kuwasha nyumba stima inapopotea. Inaweza. Kwa boma lenye ng'ombe wa maziwa kule Njoro, Molo au Cherang'any, ni afadhali hivyo kuliko kununua jenereta yenye injini yake, ambayo italala stoo sehemu kubwa ya mwaka. Injini tayari iko uani. Unachonunua ni dainamo yenye giaboksi, inayozungushwa na shafti ya PTO, yaani mkia unaozunguka nyuma ya trekta kuendesha mashine nyingine. Shida ni kwamba wengi huanza na bei ya dainamo, wakaileta nyumbani, ndipo wakauliza itaungwa wapi. Kitu cha kwanza kununua ni swichi ya chenjiova, ile ya kuchagua nyumba itumie stima ya kampuni au ya jenereta, na nitaeleza kwa nini.

Kuna mtindo umeenea vijijini wa kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani. Mwenye nyumba hujipa moyo kwamba amezima meni swichi. Siku atakayosahau, au mtoto akaiwasha, umeme wa dainamo utatoka nje kupitia mita hadi kwenye transfoma. Transfoma haijui umeme umetoka upande gani. Ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 hadi 415 na 240 kwa matumizi ya kijiji, ikilishwa kutoka chini huzipandisha tena. Fundi aliye juu ya nguzo akirekebisha waya ulioangushwa na mti huamini laini imekufa. Hata jirani anayeondoa waya huo njiani kwa mti wa mbao anaweza kufa. Na stima ya kampuni ikirudi wakati dainamo yako bado imeunganishwa, mitambo miwili isiyoenda sambamba hugongana, na yako ndiyo itakayoshindwa: waya za ndani zitaungua, au giaboksi na shafti vitavunjika. Zaidi ya hayo, pini za plagi iliyochomolewa huwa na umeme hewani, tayari kwa kidole cha yeyote.

Chenjiova huondoa hatari hiyo kwa namna ilivyoundwa, bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Ina nafasi tatu: stima ya kampuni, sifuri, jenereta. Haiwezekani kushika pande mbili kwa pamoja. Hufungwa baada ya mita na kabla ya kisanduku cha breka. Nyumba ya fezi moja inahitaji ya nguzo mbili, inayokata laivu na nyutro zote mbili. Ya fezi tatu inahitaji ya nguzo nne. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, naye aache cheti.

Kwa kuwa swichi hiyo hukata nyutro, jenereta inabaki mtambo unaojitegemea, na lazima nyutro yake iungwe na ardhi pale pale kwenye jenereta. Mafundi wengi husahau hapa. Bila muungano huo, breka ya kuzuia kupigwa na umeme haitakatika hata mtu akishika laivu akiwa peku kwenye tope. Pigilia fimbo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi mahali penye unyevu, uifunge kwa klampu imara, na usiiache ikifunikwa na samadi inayoila.

Sasa ukubwa. Hesabu ya kuanzia ni nguvu-farasi 2 kwenye PTO kwa kila kilowati 1 ya umeme. Trekta ya nguvu-farasi 50 hutoa kama 42 kwenye PTO, kwa hivyo inaweza kuzungusha hadi kilowati 20 hivi. Angalia pia kibandiko: dainamo iliyoandikwa kVA 12.5 (kipimo cha ukubwa wake) hutoa kilowati 10 tu mzigo ukiwa wa kawaida wa mota. Kwa fezi moja ya volti 240 hiyo ni ampia 52, kwa hivyo chenjiova iwe ya ampia 63. Kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba ikienda mita 30 itapoteza volti 4 na ushei. Ukibana pesa ukaweka ya milimita 6, utapoteza zaidi ya volti 11, na kebo yenyewe itakuwa ya moto.

Usihesabu taa. Hesabu mota, tena zinapoanza. Mota ya kukata nyasi ya nguvu-farasi 3 hula kama ampia 15 ikishaenda, lakini sekunde ya kuanza huvuta mara 5 hadi 7 ya hizo. Dainamo nzuri huvumilia mzigo maradufu kwa sekunde chache, basi hiyo ya kVA 12.5 itaiamsha mashine ikiwa peke yake, ila haitaiamsha huku pampu, friji na pasi zikiwa zimewaka. Mota kubwa ianze kwanza, nyingine zifuate moja moja. Shawa ya kupasha maji papo hapo hula kilowati 5 au zaidi. Wakati wa jenereta izimwe kwenye breka yake, watu waoge maji ya jikoni. Mashine ya posho ya nguvu-farasi 10 ya fezi tatu ni habari nyingine kabisa: inataka dainamo ya kVA 25 hadi 30, isipokuwa ina stata ya nyota-delta, inayopunguza umeme unaovutwa mota inapoanza.

Kasi ndiyo roho ya mtambo huu. PTO ikizunguka mara 540 kwa dakika, dainamo hutoa hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde. Ikishuka hadi 500 unapata hezi 46 na ushei. Taa hazitalalamika, lakini mota zitapata joto, na kidhibiti volti kitajaribu kufidia kwa kuongeza umeme wa sumaku hadi kiunguze rota. Ndiyo maana nasema usikubali dainamo isiyo na mita ya volti na ya hezi. Weka akselereta ya mkono hadi usome hezi 52 bila mzigo; ukiweka mzigo itashuka karibu na 50, maana injini za zamani hulegea kidogo zikibebeshwa. Kwenye trekta nyingi 540 hupatikana injini ikiwa kati ya mizunguko 1,700 na 1,900. Tafuta alama yake kwenye saa ya injini, usikisie kwa sikio.

Tahadhari na dainamo kuukuu kutoka Marekani. Zimeundwa kwa hezi 60, zikitoa volti 120 mara mbili. PTO ikiwa 540, friji na pampu zako zitaenda kasi kupita kiasi. Ukishusha hadi 450 upate hezi 50, volti huanguka karibu na 200. Muuzaji atakwambia fundi atarekebisha. Mwachie.

Shafti yenyewe nayo huua na kukata mikono. Inazunguka mara 9 kwa sekunde. Leso, koti la mvua au kamba ya ovaroli ikinaswa, hakuna anayewahi kurudi nyuma. Kinga ya plastiki iwepo nzima na mnyororo wake umefungwa. Mrija wa ndani uingie kwenye wa nje angalau theluthi moja, na pembe iwe ndogo iwezekanavyo, kwani shafti iliyopinda hutikisa giaboksi hadi sili zivuje. Hesabu meno kabla ya kulipa: mkia wa PTO wa inchi 1 na 3/8 wenye meno 6 ni wa kasi ya 540, wenye meno 21 ni wa 1,000. Kisha funga fremu kwenye zege au kwenye mikono mitatu ya trekta. Dainamo ya kilowati 10 iliyowekwa tu juu ya mbao itataka kupinduka mota kubwa inapoanza.

Kuwasha kuna mpangilio. Chenjiova iwe sifuri na breka zote zimezimwa, gia zimetolewa, breka ya mkono imevutwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Washa injini, shika PTO ikiwa polepole, kisha panda taratibu. Ukiona volti 230 hadi 240, subiri dakika 3, geuza chenjiova, anza na mota kubwa. Kuzima ni kinyume chake: toa mizigo, rudisha sifuri, shusha kasi, acha injini ipoe dakika chache, ndipo utoe PTO. Anayezima trekta huku friji imeunganishwa anailisha umeme unaofifia, na kompresa huungua hivyo. Moshi uelekezwe mbali na madirisha, trekta iwe angalau mita 6 kutoka nyumbani. Na kwa kuwa imesimama bila upepo wa mwendo, safisha makapi ya mahindi kwenye rejeta na utazame joto.

Kuhusu dizeli niseme bila kuzunguka: kuwashia taa kwa trekta ni hasara. Injini ya nguvu-farasi 50 katika kasi ya PTO hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa hata bila mzigo. Ikibeba kilowati 10 hunywa kama lita 5, yaani nusu lita kwa kila yuniti; hapo inalipa. Mzigo mdogo wa saa nyingi pia hujaza injini masizi na kuifanya iteme mafuta kwenye ekzosi. Basi iwashe saa moja au mbili asubuhi na jioni, ukikusanya kazi nzito pamoja: poza maziwa hadi nyuzi 4, jaza tangi la maji, kata nyasi za siku nzima, gandisha friza. Friza iliyojaa isiyofunguliwa hukaa baridi karibu siku mbili. Wakati huo huo chaji betri ya ampia-saa 100. Ukitumia nusu yake, taa 5 za LED na runinga ndogo zitakaa kama saa 5 usiku.

Dainamo ikilala miezi mingi hupoteza sumaku kidogo iliyobaki ndani yake, nawe utazungusha bila kuona volti. Fundi huiamsha kwa betri ya volti 12 kwenye brashi kwa sekunde chache, chanya kwa chanya, waya za kidhibiti zikiwa zimetolewa. Njia rahisi zaidi ni kuiwasha nusu saa kila mwezi ikiwa na mzigo.

Mwisho ni ratiba. Mvua za masika, zinazoangusha miti kwenye nyaya, hufika kati ya Machi na Mei, wakati trekta yenyewe iko shambani au imekodishwa kulimia jirani. Mwenye ng'ombe akubaliane na dereva mapema kwamba stima ikipotea trekta irudi uani kabla ya kukama jioni. Anayetegemea trekta ya kukodi apime mkia wa PTO na meno yake leo, na awe na shafti ya pili inayoingia kwenye mkia huo.

Wako,
Fundi wa mitambo ya shamba,
Njoro, Nakuru