Taa ya LED ya Tangi la Samaki: Uliza Kwanza Nani Anaishi Humo

Wateja wengi wanaoingia dukani kutafuta taa ya tangi huanza na swali moja: "Hii ni wati ngapi?" Ni swali la maana kwa mtu anayenunua luku kwa pesa yake, lakini kwa tangi la samaki linapaswa kuja la pili. La kwanza ni nani anaishi humo ndani. Samaki wenyewe hawadai mwanga mkali. Wanaoudai ni majani ya majini, pamoja na sisi tunaokaa kwenye kochi tukitaka kuona rangi zao. Ukilishika hilo, mara nyingi utaondoka na taa ndogo kuliko uliyokuja kuitafuta, na sisi tutakuuzia hiyo ndogo bila kinyongo.

Tuanze na luku, maana ndiyo inayouma. Tangi la lita 120 lenye tyubulaiti mbili za zamani za futi mbili, za wati 18 kila moja, linakula wati 40 au zaidi ukijumlisha na choki. Zikiwaka saa 12 kwa siku, ni uniti 14 na ushei kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 14 ikiwaka saa nane kwa siku inakula uniti tatu na nusu hivi. Umeokoa karibu uniti 11. Kwa mteja wa TANESCO anayepata uniti 28 hivi kwa shilingi 10,000, hiyo ni karibu shilingi 4,000 kila mwezi. Kwa yule aliye kwenye bei nafuu ya mwisho uniti 75, faida inaweza kuwa kubwa zaidi: uniti 11 zinatosha kabisa kumvusha mstari huo, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa bei ya juu.

Ila tazama vizuri hesabu hiyo. Sehemu ya akiba imetoka kwenye LED, na sehemu imetoka kwenye saa. Kwa hiyo tunasisitiza sana taima. Ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi kinachowasha na kuzima taa chenyewe, na ndicho kitu cha kwanza tunachomshauri mtu aongeze kabla hajafikiria taa kubwa zaidi. Saa sita hadi nane kwa siku zinatosha. Samaki hawana kope za kufumba. Giza ndilo linalowapumzisha. Taa ya tangi inayoachwa iwake usiku kucha kwa ajili ya kupendezesha sebule inawatesa, hata kama ni ile ya bluu hafifu.

Sasa ukali wa mwanga. Kwenye boksi tafuta lumeni, kwa sababu wati hukuambia umeme unaoingia tu, siyo mwanga unaotoka. LED nzuri hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati. Kwa majani yasiyo na makuu, kama anubias (ambayo asili yake ni huku huku Afrika, upande wa magharibi na kati), lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita ya maji zinatosha. Ile taa ya wati 14 kwenye lita 120 inaangukia humo humo. Rangi ya mwanga iwe karibu kelvini 6,500, mweupe kama wa mchana. Tangi likiwa refu kwenda chini, ongeza kidogo, kwa sababu mwanga hupungua kadiri unavyoshuka.

Samaki nao wanatofautiana. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanaishi kwenye miamba inayopigwa na jua, na chakula chao kikubwa ni ule ukijani unaoota juu ya mawe. Wao mwanga wa kutosha hauwasumbui, na mawe yakianza kuwa ya kijani usikimbilie brashi; waachie wajichunie. Frontosa wa Ziwa Tanganyika ni habari nyingine kabisa. Hao huishi kwenye kina, kwenye mwanga hafifu. Ukiwawekea taa kali utawaona wamejibanza nyuma ya mawe, rangi imefifia, na mwenye nyumba anadhani wanaumwa.

Malalamiko tunayoyapokea kuliko yote ni maji kugeuka kijani au kioo kushika utelezi. Mara nyingi mteja ameshabadilisha maji na ameshanunua dawa. Tunamuuliza mambo matatu: taa inawaka kwa saa ngapi kwa siku, tangi liko karibu na dirisha, na chakula kinabaki chini? Mwanga mwingi pamoja na mabaki ya chakula ndio mbolea na jua la ule ukijani. Punguza taa hadi saa sita kwa siku, sogeza tangi mbali na jua, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji kila wiki. Linahitaji subira ya wiki kadhaa, lakini linakwisha bila dawa.

Kuhusu zile taa za utepe za bei rahisi za kubandika ukutani, tafadhali usizitie kwenye tangi. Tumezifungua nyingi zilizoletwa zikiwa zimekufa: plastiki imekuwa ya njano, mvuke umeingia, na pale waya ulipochomelewa risasi pameota kutu ya kijani. Hapo siyo taa tu inayoharibika, ni umeme karibu na maji. Chagua yenye alama ya IP67, yaani iliyozibwa maji yasiingie, ikiwa itakaa sehemu ya kurukiwa na maji, na inayotumia adapta ya volti 12 au 24. Adapta yenyewe ikae mbali na tangi. Waya uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuchomekwa, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Umeme wa kwenu ukiwa na tabia ya kukatika na kurudi kwa kishindo, pitishia kwenye kifaa kile kile cha kulinda friji. Kinachokufa kwanza kwenye LED mara nyingi siyo balbu, ni adapta.

Ukija dukani, njoo na urefu, upana na kina cha tangi, picha moja ya simu iliyopigwa taa ikiwa inawaka, na orodha ya samaki ulionao. Taa tutaiwasha mbele yako kabla hujalipa.