Timu yetu bila bia haiendi, na mwenzetu aliyeacha pombe anataka kuacha na mpira. Nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisomee mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima raha, nyumbani nikilisema wataniambia acha hiyo timu, na kwenye timu nikilisema wataniuliza nimeokoka lini.

Mimi ni kapteni msaidizi wa timu ya mpira ya ridhaa, ni watu wazima wenye kazi na familia zao, hakuna anayelipwa, katikati ya wiki mazoezi, wikiendi mechi. Naipenda sana hii timu. Mtu akifiwa tunaenda wote, akikosa kazi tunamtafutia, kuna watu wamekuwa ndugu zangu kabisa kupitia huu mpira.

Shida ni bia. Filimbi ya mwisho ikilia kreti iko pembeni ya uwanja, hata viatu hatujavua. Tukishinda tunasherehekea, tukifungwa tunajipoza. Faini zetu zote ni bia, ukichelewa mazoezi bia, ukila kadi nyekundu ya kijinga bia, ukikosa penati kreti zima, na mchezaji mgeni hahesabiki mwenzetu mpaka anunue raundi yake. Msinielewe vibaya, na mimi nakunywa, na sipingi mtu kunywa.

Kilichonifanya niandike ni beki wetu mmoja wa kulia. Daktari alimwambia aache pombe kabisa na akaacha kweli. Mwanzoni watu walimpongeza, zikapita wiki kadhaa yakaanza yale maneno, moja tu haiui, sisi umetuona wachafu eh, siku hizi kapteni wako ni mkeo. Sasa mechi ikiisha anabeba begi anaondoka. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo yote ya timu yanaamuliwa palepale kwenye chupa, nani aanze mechi ijayo, michango, tuingie mashindano gani, kwahiyo asiyekaa kwenye bia amekosa na timu yenyewe, anakuja kusoma maamuzi kwenye grupu la WhatsApp kama mtu wa nje. Juzi kaniambia pembeni kwamba anafikiria kuacha mpira, wakati mpira ndio kitu daktari alimsisitiza aendelee nacho!

Nimejaribu kuwaeleza wenzangu kitaalamu. Wanasema bia inarudisha maji mwilini. Sawa, sehemu kubwa ya bia ni maji, lakini kileo kinazuia homoni inayoziambia figo zitunze maji, ndo maana tunapishana kwenda kukojoa usiku mzima. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kileo na mwili unahitaji masaa mawili hadi matatu kuimaliza, sasa mtu akipiga tano jioni, piga hesabu mwenyewe asubuhi anaamkaje, na kuna wanaoendesha magari kurudi nyumbani. Kuna utafiti wa Australia wa 2014, waliokunywa sana baada ya mazoezi makali, misuli yao ilijijenga pungufu kwa kama asilimia 24 hata pale walipopewa na protini. Yani jasho lote lile tunalimwaga wenyewe. Kipa wetu alipoteguka kifundo cha mguu alipewa chupa ya kupunguza maumivu, akakaa pale mpaka usiku mguu unazidi kuvimba, wakati ushauri wa kawaida ni ukiumia kaa mbali na pombe siku mbili tatu za mwanzo.

Mkongwe wetu mmoja akanijibu kwamba Hash House Harriers walianza 1938 kule Kuala Lumpur, wanakimbia halafu wanakunywa bia, na mpaka leo wapo dunia nzima. Hapo nilikwama kidogo, maana ni kweli wapo, na ni kweli pia bia ndio imewakalisha pamoja bosi na fundi wa timu yetu ambao kwingine wasingesalimiana. Lakini mtu anajiunga na Hash akijua anakwenda kukimbia na bia ipo. Beki wetu alikuja kucheza mpira.

Mawazo yangu ni haya, faini ziwe hela za kununua mipira na dawa za huduma ya kwanza, maamuzi ya timu yafanyike kabla ya mechi watu wakiwa hawajanywa, na kwenye kreti kuwe na maji na bia zisizo na kilevi. Hizo bia nilishazitaja wakacheka, japo wakimbiaji wa marathoni ya Munich ya 2009 walizinywa kwenye utafiti na waliozinywa waliugua mafua na vikohozi kidogo kuliko wenzao.

Ila mwenyekiti ndiye anayetoa kreti ya kwanza kwa hela yake kila mechi, na jezi tunazovaa katununulia yeye. Nikilisema mbele ya watu ataona namdhalilisha. Nikimfuata peke yake atataka kujua nani kalalamika, na beki kaniomba kabisa jina lake lisitajwe, hataki ionekane timu nzima imebadilishwa kwa ajili ya ugonjwa wake.

Kikao ni mwisho wa mwezi huu. Nimfuate mwenyekiti kwanza au nitafute wachezaji wanne watano wa kuniunga mkono tuingie nalo kikaoni pamoja? Na nyinyi mliowahi kubadilisha hii kitu kwenye timu zenu, mlianza na faini au mlianza na kreti, na kuna watu waliwakimbia?